Uvimbe wa taya kwa mtoto si jino kila mara: Saratani inayopona, lakini bado inawashinda watoto wetu

MTOTO akivimba shavu Mkuyuni, jambo la kwanza linalotajwa nyumbani ni jino. Tumbo likijaa, husemwa ni bandama au minyoo. Mara nyingi wanaosema hivyo huwa sahihi, kwa sababu meno mabovu, malaria na minyoo ni magonjwa ya kila siku kwa watoto wa maeneo haya.

Lakini upo uvimbe mmoja unaofanana na hayo yote ambao haungoji. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akicheza Jumapili iliyopita anaweza, wiki mbili baadaye, kuwa na taya lililobadilika sura na meno yanayotikisika.

Ugonjwa huo ni saratani ya Burkitt. Huanzia kwenye seli za kinga ya mwili, na ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi watoto wa ukanda wa Afrika wenye malaria nyingi, hasa wenye umri wa kati ya miaka minne na tisa. Wavulana hupata zaidi kuliko wasichana.

Jambo la kushangaza ni kwamba saratani hii inatibika. Katika nchi tajiri, karibu watoto tisa kati ya kumi wanaotibiwa hupona. Na tiba yake ilianza kutafutwa hapahapa Afrika Mashariki, kwa watoto wa hapahapa. Kwa nini basi watoto wa kwetu bado wanapotea? Jibu linahitaji utafiti, na utafiti huo hauwezi kufanywa kwingine kwa niaba yetu.

Ilianzia Mulago

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwenzake alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa amewahi kuona jipu wala ugonjwa wa meno unaofanya hivyo.

Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vilevile. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe huko pia. Hapo ndipo alipoanza kufukua majalada ya wagonjwa wa zamani. Akagundua kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo na wa macho ambao madaktari walikuwa wakiuandika kama magonjwa mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza.

Wakati huo upasuaji haukusaidia. Ukikata uvimbe leo, mwingine unaota kesho. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa saratani isiyotibika.

Burkitt aliandikia hospitali za serikali na za misheni barani Afrika akiuliza: je, mmewaona watoto wa namna hii? Majibu yaliporudi, aliyaweka kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walipanda gari na kusafiri kwa takriban wiki kumi, kiasi cha kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita pia Tanganyika na kuuliza hospitali kwa hospitali.

Walichokuta ni kwamba ugonjwa ulifuata hali ya hewa. Ulikuwapo kwenye maeneo ya chini yenye joto na mvua, na ulipotea kwenye nyanda za juu zenye baridi. Karibu na Ikweta, mpaka ulikuwa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari.

Mkazi wa Uluguru anaweza kuielewa ramani hiyo bila kufundishwa. Vilele vya milima hii vinapita mita 2,600, na huko juu mtu hulala na blanketi. Mkuyuni iko chini, upande wa mashariki, kwenye migomba, minazi na michungwa, ambako chandarua ni kitu cha lazima. Burkitt alikuwa akichora ramani ya saratani, kumbe alikuwa akiifuata njia ya mbu.

Walichotoa watoto wa Afrika Mashariki

Machi 1961, Burkitt alizungumza kuhusu wagonjwa wake katika hospitali moja ya London. Kati ya waliosikiliza alikuwamo mtafiti aitwaye Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba kirusi kinahusika. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikaanza kusafirishwa kwa ndege kwenda London. Mwaka 1964, Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Ilikuwa mara ya kwanza kirusi kupatikana ndani ya seli za saratani ya binadamu.

Wakati huohuo, Kampala ilikuwa ikijaribu dawa. Watoto walipewa dawa za kuua seli za saratani, ambazo leo wengi wanaziita kemo. Kwa baadhi yao uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na wapo walioishi miaka mingi baadaye. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha kutibu saratani hiyo Mulago. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Swali likabaki: kama karibu kila mtoto wa Afrika hupata kirusi cha Epstein-Barr akiwa mdogo, kwa nini wachache tu huugua saratani?

Ili kulijibu, kati ya mwaka 1972 na 1974 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kisha wakawafuatilia kwa miaka. Waliougua baadaye walionekana kuwa na dalili nyingi zaidi za kirusi hicho kwenye damu tangu kabla uvimbe haujatokea. Watoto 42,000 walichomwa sindano, na wazazi wao wakakubali, ili kupata jibu lililotokana na watoto wachache tu.

Tanzania nayo ilitoa mchango wake. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa North Mara, mkoani Mara, walipewa dawa ya klorokwini mara kwa mara ili kuona kama kupunguza malaria kungepunguza saratani ya Burkitt. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa, na vimelea vya malaria vikaanza kuzoea klorokwini. Kwa hiyo jibu halikuwa la moja kwa moja.

Ushahidi mwingine umekuja baadaye kwa njia tofauti. Kaskazini mwa Uganda, watafiti walikuta kwamba watoto wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, ambao wanajulikana kukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, walikuwa pia na uwezekano mdogo wa kupata Burkitt. Utafiti huo ulikuwa sehemu ya mradi mkubwa uliofanyika kati ya mwaka 2010 na 2016 katika nchi za Uganda, Kenya na Tanzania.

Kwa mzazi, maana yake ni hii: chandarua kinachotundikwa kila usiku, na homa inayopimwa mapema badala ya kutibiwa kwa kubahatisha, huenda vinamkinga mtoto na zaidi ya malaria. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria katika baadhi ya maeneo mwaka 2019. Kama chanjo za namna hiyo zitapunguza na saratani hii, ni swali linalohitaji miaka ya kufuatilia watoto.

Ugumu wa aina mbili

Wataalamu wanaposema saratani ni ngumu kutibu, wanaweza kumaanisha mambo mawili tofauti.

Zipo saratani zilizo ngumu popote duniani. Mfano kwa watoto ni uvimbe mmoja unaoota ndani ya shina la ubongo, unaofupishwa kwa Kiingereza kama DIPG. Mtoto akipata ugonjwa huo Dar es Salaam, London au Boston, hakuna dawa inayouponya. Hapo utafiti unatafuta kitu ambacho hakuna mtu anacho.

Halafu zipo saratani zinazopona kwingine lakini zikawa ngumu kwetu. Burkitt ni mojawapo. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 huugua saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone.

Ni rahisi kudhani kwamba aina hii ya pili haihitaji utafiti, inahitaji fedha tu. Fedha zinahitajika kweli. Lakini hebu tazama maswali matatu ambayo hayajapata majibu ya kutosha.

La kwanza ni namna ya kuutambua ugonjwa haraka. Leo, ili daktari awe na uhakika, lazima kipande cha uvimbe kikatwe, kipelekwe maabara, kikaushwe, kipakwe rangi na kusomwa na mtaalamu kwa darubini. Wataalamu hao ni wachache na wako hospitali kubwa. Majibu yanaweza kuchukua muda mrefu kwa ugonjwa unaohesabu siku.

Katika miaka ya karibuni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Hospitali ya KCMC ya Moshi na Hospitali ya Lacor ya Gulu, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakijaribu njia nyingine. Uvimbe humwaga vipande vidogo vya vinasaba vyake kwenye damu. Wanachopima ni kama vipande hivyo, pamoja na vya kirusi cha Epstein-Barr, vinaweza kutoa jibu kutoka kwenye chupa ndogo ya damu bila kusubiri upasuaji. Kipimo cha namna hiyo kikithibitika na kuenea, chupa ya damu ndiyo itakayosafiri kutoka Morogoro huku mtoto akisubiri jibu karibu na kwao.

La pili ni kiasi cha dawa. Mwaka 2020 zilichapishwa habari njema: jaribio la watoto wapatao 300 wenye Burkitt na saratani za jamii yake lilionyesha kwamba kuongeza dawa iitwayo rituksimabu kwenye kemo kunaokoa watoto wengi zaidi. Watoto hao walitoka Ulaya, Marekani Kaskazini, Australia na Hong Kong. Hawakutoka Afrika, ambako ugonjwa wenyewe umejaa.

Kemo kali hushusha damu na kinga ya mwili. Mtoto wa Ulaya huingia wodini akiwa na uzito wa kutosha, na damu ya kumwongezea ipo. Mtoto wa kwetu anaweza kuingia akiwa amekonda, ana malaria na upungufu wa damu, na ndugu wanatafutwa wa kujitolea damu. Dozi inayomponya yule inaweza kumuua huyu, na dozi iliyopunguzwa sana inaweza kuuacha ugonjwa. Kipimo cha katikati hakipatikani kwenye vitabu vya Ulaya. Kinapatikana kwa kuwatibu watoto wetu kwa uangalifu na kuandika kila kinachotokea.

La tatu ni kwa nini familia huacha matibabu katikati. Hili nalo ni utafiti, ingawa halihitaji darubini.

Uvimbe ukiyeyuka, safari haijaisha

Burkitt ina tabia inayowachanganya wazazi. Kwa sababu hukua haraka, pia huyeyuka haraka. Baada ya dozi ya kwanza au ya pili, taya linaweza kurudi sura yake. Mtoto anakula, anacheka, anaomba kurudi nyumbani.

Mama aliyekaa naye wodini anawaza watoto wengine aliowaacha kwa bibi. Baba anawaza shamba, maana msimu haumsubiri mtu. Nauli ya kurudi kwa dozi inayofuata haipo. Jirani anasema, "Si amepona huyu?" Kwa macho ya kawaida, amepona.

Ndani ya mwili, seli chache zimebaki. Wakati mwingine zimejificha kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana madaktari huchoma dawa mgongoni hata kama uvimbe hauonekani tena. Mtoto akikatishwa dawa, seli hizo hurudi, na safari hii huwa zimezoea dawa. Hapo ndipo ugonjwa uliokuwa ukitibika unapogeuka kuwa ule mgumu wa kila mahali.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa kushirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, huwatibu watoto wenye saratani bila familia kulipia dawa. Hospitali za Bugando ya Mwanza na KCMC nazo hutibu watoto. Lakini dawa ya bure hailipi bodaboda ya kutoka kijijini hadi barabara ya Kisaki, gari la kwenda Morogoro mjini, wala safari ya karibu kilomita 200 hadi Dar es Salaam, kisha chakula cha miezi.

Mzazi anayeona fedha zinakwisha asiondoke kimyakimya. Amwambie muuguzi wa wodi au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuondoka. Ofisa huyo yupo kwa ajili ya mambo hayo, na mara nyingine msaada wa nauli au mahali pa kulala hupatikana kwa aliyesema. Ukoo nao una kazi yake. Kulima shamba la aliye wodini ni sehemu ya tiba ya mtoto.

Daktari akiomba idhini ya utafiti

Neno utafiti huwatia hofu wazazi wengi. Wengine husikia "majaribio" na kuona mtoto wao akigeuzwa panya. Hofu hiyo haipaswi kudharauliwa, kwa sababu mwenye mtoto ana haki ya kuuliza.

Nchini Tanzania, utafiti wa tiba kwa binadamu lazima upate kibali cha kamati ya maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo yenye dhamana hiyo kitaifa. Mzazi hupewa maelezo kwa lugha anayoielewa na fomu ya kutia saini. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi.

Maswali ya kuuliza ni haya: Mtoto wangu atafanyiwa nini ambacho asingefanyiwa kama hayumo kwenye utafiti? Damu itachukuliwa kiasi gani na mara ngapi? Sampuli zitapelekwa wapi? Madhara yakitokea nani atamtibu? Nikikataa, matibabu yake yataendelea?

Jibu la swali la mwisho lazima liwe ndiyo. Mzazi anaweza kukataa, au kukubali leo na kujitoa kesho, na mtoto akaendelea kutibiwa. Akiona jibu halieleweki, hana haja ya kusaini siku hiyo.

Anayekubali naye ajue kwamba anatoa kitu chenye thamani. Mengi yanayojulikana leo kuhusu ugonjwa huu na tiba yake yalijulikana kwa sababu wazazi wa Mulago, West Nile na North Mara walikubali watoto wao wahesabiwe na wafuatiliwe.

Dalili zisizosubiri wiki ya pili

Mzazi ampeleke mtoto kituo cha afya haraka akiona mojawapo ya haya: taya au shavu linalovimba na kuongezeka kwa siku, meno yanayotikisika kwa mtoto ambaye si wakati wake wa kung'oka, jicho linalosukumwa nje, tumbo linalojaa upesi au bonge linaloshikika, miguu kulegea ghafla au mkojo kushindwa kutoka. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kukaa pamoja, hivyo mtoto asitengwe na ndugu zake.

Jino likishang'olewa na uvimbe ukaendelea kukua, tatizo si jino. Dawa ya malaria ikimalizwa na tumbo likazidi, si malaria peke yake. Chale za bandama huchelewesha, na zinaweza kuingiza wadudu kwa mtoto ambaye kinga yake tayari imeshuka. Arudi kituoni, na aombe rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa.

Simu aliyonayo mzazi inaweza kusaidia. Apige picha ya uso au tumbo la mtoto kila asubuhi, mahali palepale, kwenye mwanga uleule. Picha tano za siku tano zitamwonyesha tabibu kasi ambayo maneno hayawezi kuieleza. Aandike pia siku uvimbe ulipoanza na kila dawa ambayo mtoto ametumia, pamoja na za kienyeji, bila kuona aibu. Tabibu anayejua ukweli wote huamua mapema, na kwa ugonjwa huu kila siku ina uzito wake.